Silaha Hubadilika, Wajibu wa Askari Haubadiliki



Jeshi la kisasa ni jeshi la namna gani? Wengi wetu tukiulizwa swali hilo hujibu upesi kwamba ni jeshi lenye vifaru, ndege na mitambo mipya ya mawasiliano. Jibu hilo lina ukweli, lakini limepungua. Historia ya nchi yetu ya Burundi inatosha kutuonyesha kilichopungua, nayo ndiyo tutakayoitazama katika mazungumzo ya leo.

Tuanze na Mfalme Mwezi Gisabo. Katika miaka ya 1880, Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji aliyekuwa na watu wenye bunduki, alijaribu kuingia Burundi kutafuta watumwa na pembe. Mashujaa wa Mwezi walikuwa na mikuki, pinde na mishale, na hata hivyo waliwarudisha nyuma wavamizi hao. Mwaka 1903 mambo yakawa mengine. Wajerumani, waliokuwa na kituo chao hapa Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, walipanda milimani wakiongozwa na Kapteni von Beringe. Silaha zao zilikuwa kali, hilo halina ubishi. Lakini safari hii adui alisaidiwa na watu wa ndani: Maconco, mkwe wa Mfalme, na Kilima, mpinzani wake wa miaka mingi. Tarehe 6 Juni, 1903, huko Kiganda, Mwezi alilazimika kuukubali utawala wa Wajerumani na kuwatambua watu hao wawili kuwa watawala wa sehemu zao. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Funzo la pili limo katika ziwa letu la Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani ndio waliokuwa na nguvu majini. Mwaka uliofuata waliongeza meli kubwa iitwayo Graf von Götzen. Iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma, ambako iliungwa upya. Waingereza hawakujaribu kuleta meli iliyo kubwa kuliko hiyo. Walileta mashua mbili ndogo za mota, Mimi na Toutou, wakazipitisha katika nchi ya Kongo kwa reli, kwa mito na kwa kuzikokota porini. Desemba 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Wabelgiji nao walileta ndege za kutua majini, na mwezi Juni majeshi yao yakaingia Usumbura. Julai 1916, Kigoma ikiwa karibu kutekwa, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Chombo kikubwa kuliko vyote ziwani kilikosa bandari ya kukihifadhi. Tusisahau pia kwamba mizigo ya vita hivyo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, ambao maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi.

Funzo la tatu ni chungu, na haifai kuliruka. Baada ya Uhuru wa tarehe 1 Julai, 1962, jeshi letu liliingizwa katika ugomvi wa madaraka. Maofisa walitwaa serikali mwaka 1966, mwaka 1976 na mwaka 1987. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka kusini, silaha za Taifa zilielekezwa kwa raia, na askari Wahutu wakauawa na askari wenzao. Tarehe 21 Oktoba, 1993, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi, aliuawa na askari wa jeshi lililoapa kumtii. Vita vilivyofuata viliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Ni adui gani wa nje, katika miaka yote ya Uhuru, aliyeidhuru Burundi kiasi hicho?

Ndiyo maana Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti, 2000, yaliweka kanuni kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ikaunda Jeshi la Ulinzi la Taifa, likiwaunganisha wale waliokuwa wakiwindana milimani. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2007, askari wa jeshi hilo walitua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Aliyetoka msituni na aliyetoka kambini walilinda handaki moja, na Agosti 2011 wapiganaji wa Al-Shabaab wakauacha mji huo.

Huko Somalia askari wetu waliiona sura ya vita vya leo. Tarehe 17 Septemba, 2009, magari yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia katika makao ya kikosi yakiwa yamejaa mabomu. Walinda amani 17 walikufa, miongoni mwao Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi. Adui alipita langoni akiwa amevaa nguo ya rafiki. Tarehe 26 Juni, 2015, kambi ya Leego, iliyo katika barabara ya Mogadishu na Baidoa, ilivamiwa, na askari wetu wengi wakapoteza maisha. Kambi iliyo mbali na msaada ni sawa na ile meli isiyo na bandari.

Na kesho je? Mwaka 2020, katika vita vya Armenia na Azerbaijan, ndege zisizo na rubani ziliteketeza vifaru na mizinga ya thamani kubwa. Nchini Ukraine, tangu mwaka 2022, vindege vidogo vya bei rahisi vimekuwa vikimfuata askari hadi ndani ya handaki, huku kila upande ukitumia mitambo ya kuvuruga mawasiliano ya mwenzake. Ndege za aina hiyo zimekwisha kutumika hata mashariki mwa Kongo, jirani yetu. Januari 1, 2023, kombora liliangukia jengo walimolala askari wa Urusi huko Makiivka. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilisema kwamba 89 walikufa, na kwamba sababu kubwa ilikuwa simu za mkononi zilizotumiwa kinyume cha amri. Simu ya mfukoni iliwaonyesha walipo. Kwa hiyo hata katika zama za mitambo, nidhamu ya askari mmoja yaweza kukiokoa kikosi au kukiangamiza.

Ndugu askari na polisi, nchi ndogo haiwezi kununua kila silaha inayoundwa duniani, wala haina haja. Yaweza kumfundisha askari wake kusoma ramani na mitambo, kuficha mawasiliano yake, na kutoiacha kambi bila njia ya msaada. Zaidi ya hayo, yaweza kumfanya raia asikimbie aonapo sare. Mwananchi anayemwamini polisi humpa habari ambazo hakuna ndege itakayoziona kutoka juu.

Ile meli ya Götzen iliibuliwa mwaka 1924, na leo inaitwa Liemba. Mei 2015 iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, watu waliokuwa wakiikimbia nchi yao kwa hofu. Wakati mwingine tutakapoambiwa kwamba silaha mpya ndiyo itakayotulinda, tuwakumbuke abiria wale. Tujiulize kwanza kama mwananchi, amwonapo askari wetu njiani, husogea karibu au hukimbilia ziwani.