Meno ya Shafti: Trekta na Grisi Katika Nchi ya Usoke

Shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine iliyofungwa nyuma ni vipande viwili vinavyoingiana: kimoja kina meno kwa nje, kingine kina mifereji kwa ndani. Trekta ikikata kona au ikiingia shimoni, vipande hivyo hurefuka na kufupika huku vikizunguka. Meno yakikauka, shafti hugoma kuteleza, na msukumo wote huishia kwenye beringi za gia boksi.

Mfaransa Albert Gougis aliendesha mashine ya kuvunia kwa nguvu ya trekta mwaka 1906. Kampuni ya International Harvester ya Marekani ilianza kuuza trekta zenye shafti hiyo mwaka 1918. Baadaye kipimo cha meno 6 na mizunguko 540 kwa dakika kikaenea duniani.

Usoke, kati ya Tabora na Urambo, gurudumu lenyewe lilichelewa. Mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota, kwa hiyo mizigo ya misafara ya Ujiji ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Usoke. Pamoja na treni yakaja mafuta ya mashine.

Trekta zilikuja kwa wingi na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuifanya Urambo kituo kimojawapo, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Nyingi zilikuwa masalia ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na Vickers-Armstrongs kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Vipuri vilikuwa haba na madereva hawakupewa mafunzo ya kutosha. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na tumbaku ikashika mashamba ya Urambo. Mara nyingi lawama hutupiwa udongo, lakini uzembe wa matunzo nao ulikuwa na sehemu yake.

Udongo wa Usoke na Urambo ni wa kichanga, na kiangazi vumbi huingia kila upenyo. Grisi mpya ikipakwa juu ya ile ya zamani iliyoshika mchanga, hukwangua chuma kama msasa. Kwa hiyo shafti huchomolewa kwanza, meno huoshwa kwa dizeli na kufutwa kwa kitambaa hadi yang'ae. Unga mwekundu ukionekana kwenye mashina ya meno, chuma kimeshaanza kulika. Grisi hupakwa kwa kidole, tabaka jembamba kila mfereji, kisha vipande husukumwa na kuvutwa mara kadhaa ili ienee. Grisi ya lithiamu, iliyopata hataza mwaka 1942, huvumilia joto kuliko ile ya zamani ya chokaa.

Jembe la diski na trela havitumii shafti hii. Inafanya kazi kwenye mashine ya kupukuchua mahindi au pampu ya maji, kisha hulazwa miezi mingi, na mvua za Novemba zikianza, kutu huifunga. Shafti ya kuwekwa stoo ipakwe grisi kabla ya kulazwa, si siku ya kuitoa. Na ikiwa imefungwa kwenye trekta, injini izimwe kwanza: shafti inayozunguka hunasa nguo, na mkono hufuata.