Mavuno ya nyanya huamuliwa kitaluni

MKULIMA wa nyanya huhesabu hasara wakati wa mavuno, ilhali mara nyingi chanzo chake ni kitalu. Mche uliotoka huko ukiwa na ugonjwa hauponywi na mbolea shambani.

Anayekuza miche nyumbani achague mahali penye jua, karibu na maji, ambapo hapajapandwa nyanya, viazi, pilipili wala biringanya kwa miaka 3 hivi. Mimea hiyo ni ya jamii moja, na bakteria wanaoinyausha husalia udongoni.

Kitalu kiwe na upana wa mita 1 na kichanganywe na samadi iliyooza vyema. Mbegu zilizoidhinishwa, kama vile Cal J au Rio Grande, hupandwa katika mistari yenye kina cha sentimita 1, iliyoachana kwa sentimita 15, kisha hufunikwa kwa nyasi kavu. Nyasi huondolewa mara mbegu zinapochipuka. Maji yasizidi, kwani unyevu mwingi huozesha mashina. Wavu wenye matundu madogo huzuia nondo wa Tuta absoluta, mdudu aliyeripotiwa nchini Kenya mwaka wa 2014.

Miche huwa tayari baada ya wiki 4 hadi 6. Wiki moja kabla ya kuihamisha, maji hupunguzwa ili izoee hali ya shambani, ambako hupandwa jioni.

Mche wowote wenye dalili za ugonjwa ung'olewe na kuteketezwa, hata ikiwa idadi itapungua. Hasara ya mche mmoja ni ndogo kuliko ya shamba zima.