Debe la Mafuta ya Taa: Historia ya Chombo Kisichotupwa

Siku hizi walimu wametakiwa kuwafundisha watoto mambo matatu juu ya takataka: kuzipunguza, kutumia tena vitu vilivyokwisha kutumika, na kurejeleza, yaani kugeuza vitu vikuukuu viwe vitu vipya. Mara nyingi mambo haya huandikwa ubaoni kana kwamba ni elimu ngeni iliyofika jana kutoka ng'ambo. Watoto huyakariri kama wakaririvyo hesabu za kuzidisha, kisha hutoka nje na kutupa karatasi mlangoni. Sisi twaona ya kuwa elimu hii ina historia ndefu katika nchi zetu, na historia yake yaweza kushikwa kwa mikono. Basi na tusimulie habari za debe.

Kabla ya debe kufika, watu wa pwani na wa bara walitumia vyombo vya udongo, vya miti na vya majani. Maji yalikaa mtungini na maziwa kibuyuni. Mizigo ilichukuliwa katika pakacha na kikapu, na nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Taa iliwashwa kwa mafuta ya nazi au ya ufuta. Mtungi ulipovunjika, gae lake lilifaa kuchukulia moto wa jirani. Na jamvi lilipochakaa lilioza likawa udongo. Jaa la kijiji lilikuwa majivu, maganda na mifupa, na kando yake migomba ilistawi. Tusiwasifu wazee wetu kupita kiasi kwa jambo hili. Hawakuwa na takataka nyingi kwa sababu vitu vyao vilitoka ardhini, na ardhi ilivijua ilipovipokea tena.

Mwaka 1859, huko Titusville katika nchi ya Pennsylvania, Marekani, mtu aitwaye Edwin Drake alichimba kisima akapata mafuta ya ardhini. Katika mafuta hayo yalipatikana mafuta ya taa, na biashara yake ikaenea upesi. Mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenzake waliianzisha kampuni ya Standard Oil, ambayo baadaye ilipeleka mafuta ya taa sehemu nyingi za dunia. Yalisafirishwa katika vyombo vya bati vya pembe nne, viwili viwili ndani ya kasha la mbao. Chombo kimoja kilichukua galoni tano za Kimarekani, ambazo kwa kipimo cha Kiingereza huzidi galoni nne kidogo tu. Hata mwisho wa karne ya 19 makasha hayo yalikuwa yakishushwa Unguja na Mombasa, na watu wakakiita chombo kile debe, kwa neno lililotoka katika lugha za Kihindi.

Kiko kisa kimoja katika biashara hiyo ambacho kila mwalimu angefaa kukijua. Mfanyabiashara wa London, Marcus Samuel, aliona ya kuwa bati na mbao vinaongeza gharama bure. Akaunda meli yenye matangi ndani yake, jina lake Murex, na mwaka 1892 meli hiyo ikachukua mafuta ya Urusi kutoka Batum, ikapita Mfereji wa Suez, ikaenda Singapore na Bangkok. Samuel alidhani ya kuwa wanunuzi wa Asia watakuja na madebe yao ya kale, yale ya rangi ya bluu ya Standard Oil, wajaziwe mafuta kwa bei nafuu. Hawakuja. Kumbe watu wale walipokuwa wakinunua mafuta walikuwa wakinunua na debe pia. Walilihitaji kwa kuezekea nyumba, na kwa kutengenezea vikombe, vichujio vya chai na matundu ya ndege. Mafuta yasiyo na debe yalikuwa kwao nusu ya bidhaa. Ikambidi Samuel apeleke mabati huko na kuweka viwanda vya kutengeneza madebe, akayapaka rangi nyekundu, ndipo biashara ikaenda. Mtu mwenye akili nyingi za biashara alihesabu chombo kuwa takataka, naye mnunuzi maskini alikihesabu kuwa mali. Na katika jambo hili maskini ndiye aliyeshinda.

Katika nchi zetu mambo yalikuwa hayo hayo. Debe likiisha mafuta lilioshwa, likatiwa kijiti cha kushikia, likawa chombo cha maji. Mchuuzi wa maji alitundika mawili katika mti mmoja begani, akapita mitaani akiuza. Sokoni debe lilikaa karibu na pishi, likawa kipimo cha mahindi, mpunga na maharagwe, na hata leo mkulima husema amevuna madebe kadhaa. Lilipotoboka, mafundi wa bati walilikata na kulilehemu, wakafanya kibatari, kopo, faneli na birika. Lililokuwa limechakaa zaidi lilipasuliwa na kunyooshwa, likaezeka nyumba. Ndivyo zilivyoezekwa nyumba nyingi za Kariakoo mjini Dar es Salaam na za Pumwani mjini Nairobi. Kasha nalo likawa rafu, kiti au sanduku la nguo. Mpaka bati linapoliwa na kutu likawa vumbi jekundu, lilikuwa limekwisha kufanya kazi nne au tano.

Lugha yetu yenyewe imelihifadhi debe. Twasema debe tupu haliachi kuvuma, tukimkusudia mtu wa maneno mengi na akili chache. Anayemsifia mgombea wakati wa uchaguzi twasema anampigia debe, na anayeita abiria kituoni ni mpigadebe. Chombo kilichoingia nchini kama kifungashio cha mafuta kimekuwa kipimo, nyumba, taa na methali. Twadhani hapana ushahidi mkubwa kuliko huo wa kuonyesha namna watu walivyokithamini.

Lakini mwalimu wa historia hana ruhusa ya kueleza upande mmoja tu. Watu wengi walitumia debe kwa sababu ya umaskini, si kwa kupenda. Aliyelala chini ya paa la madebe yaliyotoboka wakati wa masika angefurahi kupata mabati mapya. Tena madebe mengi yalilehemiwa kwa risasi, na risasi ni sumu. Kutumia tena si jambo jema popote na wakati wowote. Chombo kilichotiwa dawa ya kuua wadudu wa shambani kamwe kisitumiwe kwa maji wala chakula, hata kikioshwa mara ngapi. Watoto na waambiwe hayo waziwazi, maana mtoto aliyefundishwa kutunza kila chombo bila kufundishwa kupambanua aweza kujiletea kifo.

Sasa tuje kwenye mfuko wa plastiki. Mwaka 1933, huko Northwich, Uingereza, wataalamu wa kampuni ya ICI waligundua polithini bila kuitazamia, walipokuwa wakijaribu jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mswidi Sten Gustaf Thulin, wa kampuni ya Celloplast, alibuni mfuko mwepesi wenye mikono, uliokatwa katika kipande kimoja cha plastiki, na mwaka 1965 ukapata hataza huko Marekani. Jamaa zake wameeleza ya kuwa yeye mwenyewe alikuwa akiukunja mfuko na kuutia katika nguo yake, ili autumie tena na tena. Wala haikumjia akilini ya kuwa watu watautupa. Lakini mfuko uliotolewa bure, ulio mwembamba mno hata hauwezi kubeba mzigo mara tatu, ulitupwa. Tanzania Bara wengi waliuita rambo. Uliziba mifereji, ukaning'inia mitini kama maua mabaya, na katika machinjio ya Nairobi mifuko ilikutwa matumboni mwa ng'ombe.

Serikali zikaingilia kati. Rwanda ilitunga sheria ya kuikataza mifuko hiyo mwaka 2008. Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Watu wakarudia vikapu, na mitaani pakaonekana nafuu. Hata hivyo chupa na vifungashio vingine vya plastiki vimebaki vingi.

Wako wasemao ya kuwa dawa yake ni kurejeleza tu. Hapa historia yatuonya. Chuma na alumini huyeyushwa mara nyingi bila kupoteza ubora, na ndiyo maana mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wa Kamukunji mjini Nairobi hawakosi kazi. Plastiki haiko hivyo. Aina zake ni nyingi, hazichanganyiki vema, na nyingi hudhoofika kila zinapoyeyushwa. Wataalamu waliochunguza jambo hili walitangaza mwaka 2017 ya kuwa katika takataka zote za plastiki zilizopatikana duniani mpaka mwaka 2015, asilimia 9 tu ndizo zilizorejelezwa. Asilimia 12 zilichomwa moto, na 79 zilibaki majaani au zilitapakaa nchini na majini.

Je, plastiki yote ni adui? Hasha. Litazameni dumu la manjano la lita 20, lililokuja na mafuta ya kupikia. Limerithi kazi ya debe: leo ndilo lichukualo maji kisimani, ndilo lipimalo, ndilo likalishalo mgeni pasipo na kiti. Hapana mtu alitupaye dumu zima. Dumu na mfuko vyote ni plastiki, lakini kimoja chatunzwa na kingine chatupwa. Tofauti haiko katika moyo wa mtumiaji tu, bali katika namna kitu kilivyofanywa: dumu ni nene, lina mkono na mdomo, tena lina bei. Basi fundisho la debe ni hili: takataka haianzii jaani, huanza siku kitu kinapotengenezwa na kupokewa bila mtu kuuliza baadaye kitakuwa nini.

Kwa hiyo twaona ya kuwa watoto wafundishwe maswali matatu, tena kwa utaratibu wake. La kwanza: Je, twakihitaji kitu hiki? La pili: Kazi yake ya kwanza ikiisha, kitafanya kazi gani? La tatu: Kikichoka kabisa, nani atakipokea akigeuze kiwe kipya? Swali la kwanza ndilo kubwa, na ndilo lisahauliwalo zaidi. Hata Bwana wetu, aliyelisha watu 5,000 kwa mikate mitano, aliagiza masalio yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate hakuona haya kuokota vipande. Nasi tusioweza kuzidisha hata punje moja, twawezaje kufuja?

Mwalimu na aweke mezani debe, dumu na mfuko uliookotwa, kisha watoto waviulize vitu hivyo maswali hayo matatu. Na wautazame uwanja wa shule yao: huenda kengele ni kipande cha reli au rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na mpira wao ni matambara yaliyofungwa kwa kamba. Hapo watajua ya kuwa elimu hii walikuwa nayo kabla haijaandikwa ubaoni.

Yako mambo mawili tungependa yaachwe. La kwanza ni kumwokotesha mtoto takataka iwe adhabu. Mtoto huyo hujifunza ya kuwa usafi ni fedheha ya mkosaji, na akiwa mkubwa hatainama tena. La pili ni kuchoma plastiki shimoni nyuma ya madarasa, kwa kuwa moshi wake una sumu, na wauvutao ni watoto wenyewe. Maganda na majani yatiwe katika shimo la mbolea, yaende bustanini. Vyuma na chupa viwekwe mbali mbali kwa wanunuzi.

Mwisho, shule iwe na debe moja la kupimia. Kila Ijumaa watoto wapime takataka za juma zima, waandike katika daftari ni madebe mangapi, na mangapi ya hayo hayawezi kuoza wala kuuzwa. Mwezi unaofuata walinganishe. Hesabu ikishuka, wamepunguza kweli. Isiposhuka, nyimbo zetu zote juu ya usafi ni mlio wa debe tupu. Kazi hiyo haihitaji fedha wala vitabu vipya. Yahitaji mwalimu mwenye subira ya kuhesabu pamoja na watoto, na daftari lisilokosa kuandikwa.