Swichi ya sauti yenye kipima muda

Swichi ya sauti yenye kipima muda ni saketi ya elektroniki inayowasha taa au kifaa kingine inaposikia sauti, kwa mfano makofi, kisha kukizima yenyewe muda uliopangwa ukiisha. Hutumika kwenye ngazi, baraza na stoo. Hufaa hasa katika nyumba zinazotegemea betri ya sola, zikiwemo za vijijini kwenye Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Jinsi inavyofanya kazi

Maikrofoni hugeuza mitetemo ya hewa kuwa ishara ndogo ya umeme. Transista hukuza ishara hiyo hadi itoshe kuamsha chipu ya kupima muda. Chipu inayojulikana zaidi ni 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya Marekani.

Volti kwenye mguu wa 2 wa chipu zikishuka chini ya theluthi moja ya volti za betri, mguu wa 3 hutoa umeme na taa huwaka. Papo hapo kapasita huanza kujaa chaji kupitia rezista. Volti zake zikifika theluthi mbili, chipu huzima taa na kuimwaga chaji hiyo. Muda huo hukokotolewa hivi:

Muda (sekunde) = 1.1 × R × C

Rezista ya omu 470,000 na kapasita ya mikrofaradi 100 hutoa takriban sekunde 52.

Matumizi ya betri

Taa ya wati 3 ikiwaka kwa saa 12 hutumia watisaa 36. Ikiwashwa kwa swichi hii mara 10 tu, hutumia chini ya nusu watisaa. Hata hivyo, chipu hutumia umeme hata inaposubiri. Ikichukua miliampia 10 kwenye betri ya volti 12, kwa saa 12 hutumia watisaa 1.44, yaani kuliko taa yenyewe. Kwa sababu hiyo chipu ya aina ya CMOS, inayohitaji chini ya miliampia 1, ni bora zaidi.

Mapungufu

Saketi haitofautishi makofi na kelele nyingine. Mbwa akibweka, radi ikipiga au mvua ikinyesha juu ya bati, taa huwaka. Tatizo hili ni kubwa zaidi penye mvua nyingi, kama miteremko ya mashariki ya Uluguru inayoelekea Bahari ya Hindi. Dawa yake ni kupunguza usikivu kwa rezista ya kurekebishwa, na kuongeza kihisi mwanga kinachozuia taa kuwaka mchana.

Kwa taa ya volti 230 huhitajika relei, na kazi hiyo hufanywa na fundi umeme.