Jicho kuvimba baada ya mafua: usisubiri kukuche

Mtoto ana mafua mazito kwa siku kadhaa. Ghafla anapata homa, na kope za jicho moja zinavimba na kuwa nyekundu. Wengi wetu tutasema ameumwa na mdudu, au ni macho mekundu. Lakini huenda tatizo limetoka puani.

Chanzo

Kuzunguka pua na macho, ndani ya mifupa ya uso, kuna vishimo vya hewa viitwavyo sainasi. Mafua yakiziba njia zake, kamasi hukwama, bakteria huzaliana na usaha hutunga. Kati ya sainasi za pembeni mwa pua na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, hivyo maambukizi hupenya kirahisi. Watoto ndio hupata zaidi.

Dalili za hatari

Wahi hospitali, hata kama ni usiku, ukiona:

- jicho limetokeza mbele;
- jicho linauma likigeuka, au haligeuki;
- mgonjwa haoni vizuri, au anaona vitu viwili viwili;
- homa kali, kutapika, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa au kusinzia kusiko kwa kawaida.

Matibabu

Uvimbe ukiwa kwenye kope tu na mgonjwa ana nguvu, daktari anaweza kumpa dawa za kumeza na kumwangalia tena kesho yake. Maambukizi yakifika nyuma ya kope, mgonjwa hulazwa na kuchomwa antibiotiki kwenye mshipa, kwa mfano seftriaksoni. Uwezo wake wa kuona hupimwa mara kwa mara. Kipimo cha CT skani huonyesha usaha ulipo. Jicho likizidi kupoteza nuru, au nafuu isipoonekana ndani ya saa 24 hadi 48, usaha hutolewa kwa upasuaji, mara nyingi kupitia puani. Kuchelewa kunaweza kuleta upofu, au maambukizi kufika kwenye ubongo.

Ukiwa nyumbani

Usitie jichoni maziwa ya mama, maji ya majani wala dawa ya matone iliyobaki. Ukifika zahanati, eleza kwamba ugonjwa ulianza na mafua. Ukipewa rufaa na safari ni ndefu, uliza kama mgonjwa anaweza kuchomwa dozi ya kwanza kabla ya kuondoka. Na akipata nafuu, amalize dawa zote alizoandikiwa.