Forodha ya Unguja na Mwenye Kuikodi

Katika nchi zilizokuwa za Dola ya Rumi ya Mashariki, ambayo mji wake mkuu ulikuwa Constantinople, huokotwa vipande vidogo vya risasi, vya mviringo, vyenye chapa. Hiyo ni mihuri. Mingine yake, iliyopigwa baina ya mwaka 650 na 730 hivi, ina sura ya Kaisari, na jina la mtu aliyesimamia ghala ya serikali katika jimbo fulani, na mwaka wa hesabu katika mzunguko wa miaka 15. Wataalamu hawajapatana kama ghala zile zilikuwa za hariri au za silaha za askari. Walakini jambo moja ni wazi: msimamizi aliandikwa jina lake chini ya macho ya Kaisari, ili mali ikipungua ajulikane wa kuulizwa.

Pwani yetu nayo ilikuwa na mtu kama huyo, lakini kwake hesabu ilikwenda kinyume.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Unguja hata alipofariki mwaka 1856, hakuweka makarani wake mwenyewe katika forodha. Aliikodisha. Mwenye kuikodi aliahidi fungu maalumu la riale kila mwaka, kisha akakusanya ushuru wote, na kilichozidi kilikuwa chake. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Jairam Shivji, mfanya biashara Mhindi kutoka Kutch; na baada yake Ladha Damji akaiendesha kazi ya nyumba ile ile. Mawakala wao walikaa katika bandari za pwani. Sultani alipata fedha bila taabu, nami sishangai kwamba alipendezwa. Ila daftari lilikaa mkononi mwa mwingine, na mara nyingi Sultani mwenyewe alikuwa mdeni wake.

Na nyumba ya forodha yenyewe? Mwingereza Richard Burton aliyefika mwaka 1856 aliona banda refu, la chini, lenye paa la mikeka juu ya magogo tu. Chini ya paa hilo zilipita pembe, karafuu, sandarusi na nguo za merikani. Mahali pale hata leo huitwa Forodhani.

Kwa mapatano na Wamarekani ya mwaka 1833, mali iliyoletwa kwa merikebu zao ilitozwa tano katika mia, basi. Mali ya bara haikuwa na kanuni nyepesi hivyo. Pembe zilipimwa kwa frasila, na ushuru ulibadilika kwa kadiri ya zilikotoka. Tena katika mapatano na Waingereza ya mwaka 1839, Sultani alijiwekea peke yake biashara ya pembe na sandarusi kutoka Mtangata hata Kilwa, wageni wasiguse.

Walakini, si pembe tu zilizohesabiwa. Wanadamu nao walitozwa ushuru kwa kichwa. Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliteremshwa hata Kilwa, wakapakiwa majahazini, na daftari lile lile lililoandika frasila likaandika na watu. Mhuri wa Kaisari ulitaja jina la msimamizi. Daftari la forodha halikuwa na haja ya jina la aliyeuzwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia mkono mapatano ya kukataza biashara hiyo kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia yao ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa walikotoka wengi wao. Lakini walipofika Masasi waliipenda nchi, wakaomba wakae. Wakajenga nyumba zao huko, wakalima.