Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa

Mjomba wangu analinda geti la ghala moja mjini. Siku niliyomwambia nataka kuandika riwaya, hakucheka. Alinitazama tu, akasema, "Kwanza kazi, mjomba. Hata ulinzi." Nilinuna siku mbili. Kidato cha nne nimemaliza, halafu nikalinde geti!

Wakati ule nilikuwa sijasoma habari za George Lilanga.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 huko Masasi, Mmakonde, mchonga vinyago. Alipohamia Dar mwanzoni mwa miaka ya sabini, jamaa yake Augustino Malaba, naye msanii, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa. Kazi gani? Ulinzi! Naam, msomaji mwenzangu, mlinzi.

Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1972 na sista wa Kimarekani, Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Baadaye ikawa na jengo lake kando ya Barabara ya Upanga, jirani na hoteli ambayo sasa ni Serena. Chini ya paa moja walikuwemo wachoraji, wachongaji na watia batiki, kila mtu na vumbi lake. Mlinzi wetu hakukaa sana getini. Alionyesha vinyago vyake, akashika brashi, akachora mashetani yake kwenye ngozi za mbuzi: masikio mapana, matumbo mbele, wanacheka kama walevi wa kilabuni. Mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Alifariki mwaka 2005, dunia inamjua.

Mwaka huo huo wa 1972 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi. Yeye nyumba ya sanaa hakuwa nayo. Alichora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, tangu mwaka 1968. Miaka minne tu! Ndugu na vijana aliowafundisha ndio walioendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Nikifikiria mwaka ule napata uchungu kidogo. Mmoja anafunguliwa mlango, mwingine anaishia barabarani.

Basi nikatamani kuiona Nyumba ya Sanaa. Nikachelewa, jengo lile halipo tena. Mshikaji mmoja akaniambia niende Nafasi, kule Mikocheni kwenye viwanda, iliyoanza mwaka 2008.

Jumamosi nikatoka Tandale kwa Mtogole kwa miguu, nikakata Kijitonyama, nikapita Makumbusho, nikavuka barabara kuu. (Nauli ninayo, ila mwandishi lazima atembee. Haya, nauli sikuwa nayo.) Nilipofika nilisimama nje dakika kumi nzima. Suruali vumbi tupu. Mtu wa Tandale akijitaja siku hizi anaulizwa habari za Diamond, na mimi kuimba siwezi.

"Unamtafuta nani, dogo?" mlinzi akauliza.

"Shikamoo. Nataka kuona tu."

"Marahaba. Sasa si uingie?"

Ndani kuna makontena, yale ya melini, yamegeuzwa vyumba vya kazi. Huku mtu anachora, kule mwingine anaunga vyuma, ngoma inasikika toka upande wa pili. Mchoraji mmoja aliniruhusu nikae mlangoni pake. Akaniuliza nafanya nini mjini. Nikasema, "Mwandishi." Sauti ilinikwama. Hata nyumbani sijawahi kulitamka hivyo.

"Umeandika nini?"

Nikatoa daftari mfuko wa nyuma. Alisoma kurasa tatu, mikono ina rangi, akaniachia alama ya dole gumba la bluu ukurasa wa pili. Akasema mwanamke wa hadithi yangu anaongea sana na hafanyi kitu. Nimeikubali, ingawa njia nzima nilikuwa namjibu kimoyomoyo.

Jioni nikamsimulia mjomba habari za Lilanga, mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza huku anafunga kamba za buti.

"Kwa hiyo ulinzi unautaka au huutaki?"

Nimemwomba wiki moja. Sura ya tatu haijaisha.